Mtaa Umetulia

"Tulieni," Katibu alisema, huku mikono yake ikishuka taratibu kama mtu anayeshindilia unga kwenye debe. "Jina likishakatwa limekatwa. Chama kina utaratibu wake. Tulieni."

Jina lenyewe lililokatwa lilikuwa limekaa mbele yake, benchi la kwanza, limejifunga kitambaa cha chama kichwani. Mtaa mzima ulimwita Mama Bomba, kwa kuwa ndiye aliyeshika ufunguo wa bomba la maji, na bomba lilikuwa hilo hilo moja. Siku ya kura za ndani, wanachama walipoambiwa wajipange nyuma ya mtu wanayemtaka kwa udiwani, mstari wake ulitoka ukumbini, ukazunguka choo, ukafika barabarani. Nyuma ya kijana aliyepewa nafasi yake alisimama dereva wake na shangazi yake, na huyo shangazi naye shingo ilikuwa haitulii, anautamani mstari wa pili.

"Samahani, ndugu Katibu. Nimekatwa kwa kosa gani?"

"Hakuna kosa, mama. Ni busara ya vikao."

"Vikao vya wapi?"

"Vya juu."

"Na huko juu wanakunywa maji gani?"

Wanawake wa nyuma walicheka. Katibu hakucheka. "Mama yangu, wewe ni mtu wa chama tangu usichana wako. Mtu wa chama akiambiwa atulie, anatulia. Nenda kawatulize na wenzako."

Mama Bomba akamtazama mpaka mwenzake akainamisha macho kwenye simu. "Haya," alisema. "Tumetulia."

Alirudi nyumbani na hasira. Hakuutaka udiwani ili aitwe mheshimiwa. Alitaka kitu kimoja tu: bomba kuu la kutoka kwenye tangi libadilishwe. Lilikuwa limeoza, linaingiza udongo, na maji yalitoka mekundu. Ndoo ilibidi iachwe chini tope lishuke, ndipo mtu achote ya juu kwa kata, polepole, asiyatibue. Mjukuu wake alikuwa ametoka kulazwa kwa tumbo, mara ya pili sasa. Na huyo kijana wao, anayeishi upande wa nyumba zenye mageti, hata hilo bomba liko wapi hakujua.

Kaka yake, fundi baiskeli, alikuwa na kibanda kando ya bomba, na bendera ya chama kingine juu ya paa. Alimwona dada anavyolifungua bomba kwa kulinyonga, akaelewa.

"Si nilikwambia? Njoo kwetu."

"Kwenu kuna nini? Huyo mgombea wenu mlimpigia kura lini?"

Fundi akakwaruza kutu kwenye rimu. "Aliteuliwa."

"Na nani?"

"Na... vikao."

"Basi funga mnyororo, mwanaume."

Sasa ngoja niseme jambo ambalo hao wa juu hawakuwahi kuuliza. Kila uchaguzi chama kilishinda pale, na kila kikishinda walijisifu kwa malori yao, fulana zao na nyimbo zao. Ujinga mtupu. Fulana watu walidekia sakafu. Chama kilishinda kwa sababu siku ya kura Mama Bomba na wenzake walipita nyumba kwa nyumba. Mwenye mtoto mchanga aliambiwa, nipe nimbebe, wewe nenda. Mwenye chungu jikoni akaambiwa, nenda, nitakuangalizia kisiungue. Yule babu wa nyumba ya kona, asiyejiweza miguu, alipakiwa kwenye mkokoteni wa maji, akasukumwa mpaka kituoni na kofia yake kama bwana harusi. Watu hawakukipigia chama. Walimpigia aliyewabebea mtoto.

Kampeni zikaanza. Katibu akapita mtaani kuchungulia kama kuna fujo. Hakuna aliyechana picha ya kijana, wala hakuna aliyezomea. Akasimama palepale bombani, simu sikioni, akaripoti: "Mkuu, mtaa umetulia. Umetulia kabisa." Mama Bomba alikuwa anasuuza ndoo karibu naye, akasikia kila neno. Angeweza kumwambia. Aliendelea kusuuza.

Siku ya kura alifungua bomba kama kawaida. Wenzake wakaja, wakasimama wakimtazama.

"Mama, leo hatupiti?"

"Kila mtu ana miguu yake. Mimi nimetulia."

Wakaelewana kwa macho, wakajitwika ndoo, wakaenda zao. Lakini ilimuuma, asikudanganye mtu. Ilimuuma zaidi babu wa kona alipotoa kichwa dirishani, kofia tayari kichwani.

"Binti, mkokoteni leo uko wapi?"

"Umetulia, babu."

Mzee alikaa pale dirishani na kofia yake mpaka jua likageuka. Mama Bomba alikilaani chama, akamlaani kijana, mwisho akajilaani mwenyewe. Mkokoteni hakuutoa.

Kesho yake, kwa mara ya kwanza tangu mtaa uwe mtaa, chama kilikuwa kimeanguka. Katibu alishuka kwenye gari akiwa hajanyoa ndevu, akaipita foleni ya ndoo moja kwa moja.

"Umetuuza."

"Nimemuuzia nani?"

"Watu wako hawakutoka. Nusu ya mtaa ilikaa ndani. Umefanya nini, wewe mwanamke?"

"Uliniambia nitulie," alisema. "Nikatulia. Ukaniambia nikawatulize na wenzangu, nikawatuliza. Miaka yote niliyotumwa na chama hiki, hakuna agizo nililolitekeleza vizuri kama hilo."

Katibu akakohoa. Koo lilikuwa limemkauka kwa kelele za usiku kucha. "Nipe maji," alisema.

Mama Bomba akaisuuza glasi, akaikinga bombani, akampa. Katibu akaiinua kwenye mwanga.

"Hiki nini?"

"Ndiyo tunayokunywa."

"Mama, hili ni tope."

"Yanataka kutulia." Akamvutia benchi. "Kaa usubiri."

Akakaa, glasi juu ya goti. Lori la washindi likapita na nyimbo zake, fundi baiskeli akainua mkono kulipungia, wala halikupunguza mwendo. Foleni ya ndoo ilisimama ikimtazama Katibu. Naye aliitazama glasi. Lakini mkono wake bado ulikuwa unatetemeka kwa hasira, na kila tope lilipoanza kushuka, lilipanda tena.