Kisima Ndani ya Gari la Afisa

Siku ya soko Kasian alikuwa amelala chali chini ya gari dogo jekundu la viti viwili, akigonga difu, kasha la gia za magurudumu ya nyuma, kwa mpini wa nyundo na kusikiliza. Gereji yake ilikuwa kipande cha uwanja nyuma ya maduka ya Kasulu, chenye shimo moja na mikaratusi miwili ya kuning'inizia injini, na ubavuni mwake palikuwa na kibanda cha chai cha Mwanaamina. Gari lenyewe halikuwa na paa ila turubai. Liliachwa na Mzungu mmoja wa madini aliyeona mbali akarudi kwao, likaangukia mikononi mwa Bwana Hilali, afisa aliyeletwa kutoka pwani kuwashusha watu milimani na kuwapanga kando ya barabara. Gari la mbio katika barabara za Buha ni kama viatu vya harusi shambani, lakini Bwana Hilali alilipenda, na mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.

"Lina maradhi mawili," alisema alipolileta. "Nyuma linasaga, na ndani linavuja maji."

"Kiangazi hiki, Bwana?"

"Ingekuwa masika ningelivumilia."

Kasian alianza na kelele. Alimwaga oili ya difu akaikuta safi, haina hata unga wa chuma. Alitikisa krosi zinazounga mtaimbo wa propela, zilikuwa zimekaza. Alilinyanyua gari kwa jeki, akalitia gia, magurudumu yakazunguka bila neno. Basi akalishusha akalitoa barabarani. Kuelekea Kibondo lilikwenda kimya, hata akasikia nzi akigonga kioo. Alipogeuza kurudi Kasulu, likaanza kusaga. Difu mbovu hubadili sauti dereva akikanyaga mafuta au akiachia; hili halikujali mafuta, lilijali lilikoelekea. Kasian akageuza tena na tena katikati ya barabara mpaka wapita njia wakamwonea huruma. Kila pua ya gari ilipotazama vilima vya Nyakivuzo, kimya. Kila ilipovipa kisogo, linasaga.

Akarudi gerejini, akalipandisha jeki likiwa limevipa kisogo vilima, akaweka ncha ya bisibisi kwenye difu na mpini sikioni. Akasikia mawe ya kusagia, moja juu ya jingine, na mtama katikati. Kisha mwanamke akakohoa.

"Difu nzima," akasema, akaenda kutazama maji.

Kwa maji alinyunyiza unga wa muhogo kuzunguka raba za kioo, milangoni na sakafuni, ili aone maji yanapita wapi. Unga wa kwenye kioo ulibaki mkavu. Wa milangoni vilevile. Uliolowa ni ule wa katikati ya sakafu, upande wa abiria, mahali penye bati zima lisilo na tundu hata la sindano. Maji yalipanda hapo polepole, ya baridi, yakafika usawa wa kiti yakaanza kumwagika mlangoni. Chini ya pedeli ya klachi alikaa kaa mdogo wa mtoni, akamtazama Kasian bila adabu. Kasian akachovya kidole akaonja, kama afanyavyo kila fundi kujua kama maji ni ya rejeta. Hayakuwa ya rejeta. Yalikuwa na ladha ya mizizi ya mkuyu na mawe, na ndiyo aliyoogeshwa utotoni. Yalikuwa ya kisima cha Nyakivuzo, kijiji alikozaliwa, ambacho malori yalikimaliza watu mwanzoni mwa kiangazi hicho cha mwaka wa sabini na nne. Moyo ukamuuma, akakaa juu ya tairi.

Mwanaamina hakupenda vitu vipotee bure. Alikuja na sufuria, akachota mlangoni mwa gari, akapika chai. Wateja walisema chai ya leo imekaa vizuri. Wale waliotoka Nyakivuzo waliomba kikombe kisichotiwa majani.

Watu wa Nyakivuzo sasa walikaa kijiji kipya kilichoandikwa Muungano, ila hakuna aliyekiita hivyo. Kilikuwa Barabarani tu. Nyumba zilinyooka kwa kamba, bendera ilikuwapo, maji hayakuwapo. Wanawake walikwenda kuyatafuta bondeni na kurudi jua likiwa limeegemea, na ndoo nusu ya tope. Mmoja wao alikuwa Josepha, mama yake Kasian. Tangu siku ya malori Josepha aliomba kitu kimoja tu: kibali cha kurudi kwenye migomba yake na kaburi la mumewe. Bila kibali, anayerudi hurudishwa.

Jumapili baada ya misa Kasian alimpelekea chupa ya maji yale. Josepha akanywa, akafuta mdomo.

"Nani alichota wa mwisho?" akauliza.

Swali hilo lilikuwa na maana. Kwao, mtu akihama hurudisha kibuyu kimoja cha maji kisimani na kusema, "Tumehama, ubaki salama." Kisima kikiagwa hutulia. Kisipoagwa humfuata yule aliyechota wa mwisho, kwa sababu huyo ndiye kinayemhesabu kuwa mwenyeji. Siku ya malori hakuna aliyepewa nafasi ya kuaga. Hata mawe ya kusagia yaliachwa uani, maana dereva alisema mawe yako kila mahali.

Kasian alipomuuliza Bwana Hilali, afisa hakuficha. "Nilichota mimi. Watu walikuwa wamekwishapanda, na rejeta yangu ilikuwa inachemka."

"Uliaga?"

"Nimuage nani? Palikuwa hapana mtu."

Kasian akamweleza ugonjwa na dawa yake: kibuyu kimoja cha maji kitolewe garini, kirudishwe kisimani Nyakivuzo, na mzee wa kule aseme maneno ya kuaga. Bwana Hilali alisikiliza kwa makini kama anayeambiwa bei ya spea. Viatu vyake vililowa kila asubuhi na kaa alikuwa amemng'ata mara mbili.

"Huyo mzee yuko?"

"Mama yangu."

"Basi mchukue, kalitengenezeni. Likipona, kibali chake natia saini siku hiyohiyo. Akakae na migomba yake."

Kwa furaha Kasian hakupata usingizi. Kesho yake alimweka mama yake kiti cha abiria, miguu ndani ya maji, kibuyu mapajani, wakashika njia ya Kibondo. Gari lilikwenda kimya njia nzima. Walipoacha barabara kuu na kupanda, lilipita kwenye mawe bila kugusa chini, likajua pa kupinda kabla ya usukani.

Nyakivuzo palikuwa na kuta zisizo na paa, na migomba imeinamisha mikungu isiyokatwa na mtu. Josepha alipita kwenye kaburi la mumewe, akang'oa majani, kisha wakashuka kisimani. Chini ya mkuyu palikuwa na shimo kavu lenye umbo la kisima.

"Mimina, Mama. Useme, twende zetu."

Josepha alikaa kwenye jiwe alilokuwa akifulia. Kibuyu kilikuwa kimejaa mikononi mwake.

"Nikisema nimehama, mwana wanje, nitarudi hapa kama nani?"

"Utarudi na kibali."

"Kibali atakisoma Hilali. Kisima hakisomi. Nikishakiaga, kitakuwa hakinijui, nami nitakuja kuomba maji kwangu kama mpita njia."

"Ni maneno tu, Mama!" Kasian alipandisha sauti, na hapohapo akaona haya. Alitaka sana gari lipone, na mama yake apate kibali.

"Oya, hapana. Si maneno tu." Josepha akainama juu ya shimo, akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayemwambia jirani. "Hatukuhama. Tulichukuliwa."

Akaziba kibuyu, akarudi nacho garini. Walipoipa Nyakivuzo kisogo, difu ikaanza kusaga. Josepha alisikiliza njia nzima. "Hilo jiwe zito ni la kwangu," alisema. "Hilo linalokwaruza ni la jirani yangu Immakulata, nilimwambia tangu zamani alichonge."

Bwana Hilali hakukasirika. Alikuwa na shida kubwa zaidi: wakubwa wa mkoa walikuwa wanakuja kukagua vijiji vipya, na Barabarani hapakuwa na maji. Aliwatazama wanawake wa Barabarani, ambao siku hizo walikuja mpaka gerejini na mitungi, wakapanga mstari kwenye mlango wa abiria. Akatazama, akafikiri, akawa na furaha. Wiki hiyohiyo gari lilivutwa hadi Barabarani, likasimamishwa mbele ya ofisi ya kijiji. Magurudumu yakajengewa saruji. Kasian akaamriwa atoboe mlango na kufunga bomba, akatoboa, akafunga, kwani kibali kilikuwa bado hakijatiwa saini. Ubavuni pakaandikwa kwa rangi nyeupe MRADI WA MAJI.

Wakubwa walikuja, wakakata utepe, wakanywa. Mmoja aliuliza kwa nini mradi unasaga. Bwana Hilali alisema ni pampu. Wakamsifu kwa kuwa eneo lake ndilo la kwanza kwa maji, na baada ya muda si mrefu akapandishwa cheo akahamishiwa wilaya nyingine kubwa zaidi.

Kabla hajaondoka, Josepha alivaa kitenge chake kizuri akaenda ofisini kudai kibali. Kasian alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Gari limetengemaa," alisema Josepha. "Na wewe umefaidi. Nipe ruhusa niende kwangu."

"Mama," alisema Bwana Hilali kwa upole wa kweli, maana hakuwa mtu mbaya, "urudi kufuata nini? Watu huhama kufuata maji. Wewe maji yamekufuata."

Kutoka nje ilisikika difu ikisaga, ingawa injini ilikwishang'olewa. Wanawake kwenye mstari hawakuwa wakisemezana. Kila mmoja alikuwa akisikilizia jiwe lake.

"Basi ligeuzwe," akasema Josepha. "Litazame Nyakivuzo, angalau wanaosaga wapumzike."

Bwana Hilali alimtazama Kasian, Kasian akatazama magurudumu. Gari lilikuwa limeelekezwa barabarani, ili wageni waone uso wake kwanza.

"Saruji imekwishakauka, Mama," alisema afisa.

Josepha akashukuru, kwa kuwa alilelewa kushukuru. Akatoka, akachukua mtungi wake, akaenda kusimama nyuma ya Immakulata, akangoja zamu yake.