Maji Matamu ya Bi Mdogo

Mume wangu Crispus ana mke wa pili, na mke huyo anaishi sebuleni kwetu. Ni wa vioo, urefu wake unakaribia kitanda cha mtoto, na ndani yake mna maji ya bahari, mawe, samaki wawili wa rangi ya machungwa na matumbawe yaliyonunuliwa kwa muuzaji mwenye kibali. Mimi humwita Bi Mdogo. Bi Mdogo hupimwa afya kila jioni. Mimi mara ya mwisho kuulizwa kama naumwa, nilikuwa nimeangukiwa na mlango wa kabati.

Kupimwa kwenyewe ni hivi. Crispus huchota maji kidogo kwenye kichupa, akadondosha dawa tone kwa tone, akatikisa, akangoja rangi igeuke. Kipimo kimoja ni cha alkali, kingine cha kalsiamu, na kuna kidude kama darubini cha kutazamia chumvi. Matumbawe hujenga mifupa yao kwa vitu vilivyomo majini, kwa hivyo maji yakiyumba nayo huyumba.

"Hayataki maji mazuri kupita kiasi," Crispus aliniambia siku moja. "Yanataka maji yasiyobadilika."

Nikamwambia basi yamepata mtu wa kuyafaa, maana yeye anavaa shati lilelile tangu tuhamie Mombasa.

Namtania, lakini kuna jambo sijawahi kumwambia. Crispus anaendesha winchi bandarini. Kazi yenyewe ni kupanda juu asubuhi, kukaa peke yake kwenye kijumba cha vioo na kuinua makontena mpaka jioni. Mwaka wetu wa kwanza hapa alikuwa anarudi nyumbani bila neno hata moja. Tulikuwa tunakula chakula cha jioni tukisikiliza vijiko. Mimi kutwa nzima nazungumza na watu katika ofisi ya uwakala wa mizigo, nikifika kwangu nakutana na kimya kinachoniumiza. Halafu akanunua tangi, na siku hiyohiyo akaanza kusema. Alisema juu ya chumvi, juu ya samaki mdogo anayemwonea mkubwa, kisha juu ya winchi, kisha juu ya mama yake. Nilijifanya sisikilizi, nikakunja nguo, na nikasikia kila neno. Nampenda mume wangu na naipenda sauti yake. Sikumwambia kwa kuogopa asije akanunua tangi la pili.

Tunakaa ghorofa ya juu ya nyumba ya mawe, Mji wa Kale. Chini anaishi mwenye nyumba, Bi Nasiha, mjane mwenye leso safi na maoni juu ya kila kitu. Uani mna kisima, na maji ya kisima hicho, kama visima vingi vya kisiwani, yana chumvi. Ndiyo maji ya kuogea, kufulia na kupigia deki. Maji ya kunywa na kupikia huletwa kwa mkokoteni, kwa mitungi, nayo huitwa maji matamu. Mtu wa Mombasa akikuona unamwaga maji matamu hovyo, anakutazama kama mtu aliyemwaga maziwa.

Sasa, joto la kaskazi lilipoanza, maji ya Bi Mdogo yakawa yanapungua kila siku. Crispus alikuwa na zamu ya mchana, kwa hivyo akamwomba Bi Nasiha amsaidie. Akachora mstari kwenye kioo, akaweka ndoo ya buluu ya maji matamu aliyoyachuja mwenyewe, akamwambia kila adhuhuri atie ya ndoo hiyo mpaka penye mstari. Akataka kumweleza sababu. Bi Nasiha akamkata: "Haya, mwanangu. Nimesikia." Na kila jioni Crispus alipomuuliza kama ametia, alijibu, "Nimetia, mpaka penye mstari." Ndoo nayo ilikuwa tupu.

Hapo ndipo Bi Mdogo alipoanza kuugua. Chumvi ilipanda. Alkali nayo ikapanda. Mwani wa kijani ukaota kwenye mawe, na matumbawe yaliyokuwa yakifunguka kama viganja yakajikunja yasikunjuke. Crispus alibadilisha maji, akabadilisha taa, akapunguza chakula cha samaki mpaka nikawahurumia. Aliposhusha chumvi leo, kesho ilikuwa imepanda tena. Alikaa mbele ya kioo kile akiwa ameshika kichupa, na maneno yake yakaanza kupungua, moja moja, mpaka nikaanza kuvisikia vijiko tena.

Alhamisi akampigia simu mtu mmoja wa Nyali aitwaye Griffins, mwenye matangi makubwa. "Njoo Jumamosi uwachukue," akamwambia. "Mimi sijui kulea. Nawaua."

Akakata simu, akaenda kulala bila kunitakia usiku mwema. Mimi niliyekuwa nikimtukana Bi Mdogo kutwa, nilibaki nimesimama mbele yake nikimbembeleza apone.

Ijumaa mtandao wa ofisi ulikatika na tukaruhusiwa kuondoka mapema. Nilifika nyumbani adhuhuri, nikamkuta Bi Nasiha anapanda ngazi polepole na ndoo mkononi. Ndoo yenyewe ilikuwa ile nyeusi ya kisimani, na bado ilikuwa imefungwa kamba.

"Masalkheri, Bi Nasiha. Maji ya nini hayo?"

"Ya samaki wenu. Ya nini tena?"

"Ya kisimani?"

Akaitua ndoo, akashusha pumzi, akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, nalitaka kunyamaza, lakini maadamu umeniona, basi. Nyinyi mmetoka mbali na bahari, hamujui. Samaki wa maji ya chumvi hapewi maji matamu. Mumeo kaniamuru nitie matamu, nami nikaona haya kumkosoa mwanamume nyumbani kwake. Nikasema, wacha niwasitiri. Basi hutia haya ya chumvi, na yale matamu nawamiminia kwenye mtungi wa jikoni."

Nikakumbuka mtungi wa jikoni. Tangu kaskazi ianze ulikuwa haukauki, na mimi nilidhani ni baraka.

Nilitaka kupiga kelele. Ninazo kelele nzuri, ofisini wananijua. Lakini yule mama alikuwa anahema kwa ajili ya ngazi zangu, na mkono wake ulikuwa na alama ya mshikio wa ndoo. Nikakaa kwenye ngazi.

"Bi Nasiha, mchuzi ukikaukia motoni, unaongeza nini?"

"Maji."

"Na ukiongeza maji ya chumvi?"

"Utakula wewe peke yako."

"Na hawa ni hivyohivyo. Joto linakausha maji, chumvi haiendi popote, inabaki ndani. Kila tukiongeza chumvi juu ya chumvi, tunawaunguza."

Maneno hayo hayakuwa yangu. Yalikuwa ya Crispus, ya jioni zile za kukunja nguo.

Bi Nasiha akaitazama ndoo. Kisha akakaa karibu yangu, ghafla. "Kwani nimewaua?"

"Hawajafa."

"Na kijana wa watu aniuliza kila siku, nami namjibu nimetia, nimetia." Akajifuta macho kwa pembe ya leso. "N'tamtazama kwa mato gani?"

Nikamwonea huruma, nikampenda pia. Alikuwa amebeba maji ghorofa nzima kila siku ili kutusitiri sisi wajinga wawili, na hakumtangazia mtu hata mmoja. Nikaona ni zamu yangu.

"Rudisha maji kisimani," nikamwambia. "Mengine niachie."

Crispus aliporudi alianza kuchomoa nyaya za taa. Nikamwambia aache, nina neno.

"Ni mimi," nikasema. "Kila asubuhi ukishatoka, namimina maji ya ndoo ya buluu kwenye mtungi wa jikoni, kisha naijaza ndoo maji ya kisimani. Bi Nasiha maskini anatia tu alichokikuta."

Akabaki ameshika waya. Nikaogopa kwelikweli.

"Kwa nini?"

"Ulisema ni samaki wa maji ya chumvi. Hayo si ndiyo maji ya chumvi?"

"Mwikali. Wewe umesoma mpaka chuo."

"Nilisoma biashara. Hatukufundishwa samaki."

Mdomo wake ukaanza kutetemeka upande mmoja. Nilidhani analia. Kisha kicheko kikamtoka, akakaa sakafuni na waya wake, akacheka mpaka samaki wakajificha nyuma ya mawe. Alipopata pumzi alimpigia Griffins. "Usije, bwana. Tangi halina ugonjwa. Ugonjwa ni mke wangu."

Kisa hicho alikieneza. Alikisimulia bandarini, akakisimulia kanisani, akamsimulia hata muuza madafu. Akamsimulia na Bi Nasiha mwenyewe, uani, mbele yangu. Bi Nasiha alisikiliza mpaka mwisho, mkono shavuni.

"Wallahi? Maji ya kisimani?" akasema. "Mstahamilie, mwanangu. Hawa watu wa bara, maji wameyajulia wapi?"

Hata kope haikumcheza. Jioni hiyo alipanda na sahani ya viazi vya karai vya moto, akampita Crispus mlangoni na kuniwekea mimi mkononi.

Chumvi ilishushwa kidogo kidogo, kwa maji matamu ya ndoo ya buluu, ambayo sasa Bi Nasiha huyatia kwa uangalifu wa mtu anayempa mtoto dawa. Matumbawe yakakunjuka, kwanza moja, kisha mengine. Naye Crispus akaamua kwamba mkewe hawezi kubaki mjinga kiasi kile. Akaniwekea kiti mbele ya kioo, akapanga vichupa vyake na kuanza kunifundisha. Alinieleza alkali, akanieleza kalsiamu, akaingia kwenye habari ya kontena lililokwama hewani mchana ule na jinsi alivyolishusha taratibu watu wakiwa chini, na jinsi alivyoogopa. Hiyo hakuwa amewahi kuniambia, kwamba huko juu huogopa.

Kisha akakumbuka somo.

"Haya, mwanafunzi. Maji yakipungua kwa joto, tunaongeza maji gani?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nikamtazama, uso wake uko karibu, ananingoja.

"Ya kisimani," nikasema.

Akacheka, akavuta kiti chake karibu na changu, akaanza upya tangu mwanzo.