Harusi ya Mashine Malukhu

Nilipofika Malukhu, mtaa wa Mbale, Jumapili ile na kukuta viti vya plastiki vimepangwa mbele ya chumba cha gemu cha mwanangu, nilidhani kuna harusi. Meza ilikuwa na kitambaa. Mweka hazina alikuwa na bakuli lake. Kulikuwa na soda moja ya kupigwa mnada, kama kawaida ya vikao vyetu. Mwenyekiti alikuwa Conrad, mwanangu mwenyewe, amevaa koti.

"Nani anaoa?" nilimwuliza mke wake, Annah, aliyesimama mlangoni amemshika mjukuu wangu Juliet mkono.

"Hakuna anayeoa, maama. Ni mashine."

"Mashine gani?"

"Ya gemu. Ya kushika mkononi, wanaichangia. Inatoka ng'ambo mwezi ujao, na Omollo, dereva wa lori, atawaletea kutoka Nairobi."

Niliweka kikapu chini. Nilikuwa nimetoka Jinja na samaki wa mjukuu wangu, sikuja kwa ajili ya mnada wa soda.

Chumba kile ndicho kilichomlisha Conrad na familia yake. Kilikuwa na televisheni tatu na mashine tatu za zamani, na vijana walilipa kwa kila mechi. Mchana walikuja wanafunzi kutoka mtaa wa Nkoma, jioni askari magereza waliotoka zamu. Conrad alielewana na askari kwa sababu alikulia kambini. Marehemu baba yake alikuwa askari magereza kutoka Lango, kaskazini, mimi ni Msoga, na nyumbani tuliongea Kiswahili kwa kuwa hakuna aliyetaka kushindwa na lugha ya mwenzake. Mashine zake zilikuwa kuukuu, lakini zilifanya kazi, na kitu kinachofanya kazi mimi sikioni kasoro.

Kikao kilianza kwa sala. Kisha ahadi za mchango. Kwenye vikao vya harusi kwetu, anayesimama kutoa ahadi hakataliwi neno. Akisema anataka bibi harusi aje na gari jeupe, mwenyekiti anasema ndiyo, maana ukimkatalia atakaa chini na ahadi yake. Ndiyo maana harusi zetu huanza na kuku na kuishia na tarumbeta. Vijana hawa hawakujua njia nyingine ya kuchanga, wakachukua hiyo hiyo.

Afande Wangila, askari magereza mwenye kitambi, alisimama wa kwanza. Alitoa ahadi yake, watu wakapiga makofi, kisha akauliza, "Bwana mwenyekiti, hii mashine itacheza zile gemu zote za mashine kubwa?"

"Itaweza, afande," Conrad alisema.

"Na chaji? Mimi nataka kuenda nayo zamu ya mnarani, tangu asubuhi mpaka jioni."

"Itaweza."

Akasimama Natasha, mwanafunzi wa Nkoma, msichana pekee mle ndani na aliyewafunga wote mpira wa kwenye kioo. "Ile gemu mpya ya mpira inayotoka siku moja nayo, itakuwa na Cranes, timu ya taifa? Wachezaji wetu wote, na sura zao?"

"Na sura zao."

"Hata kipa?" mtu alipiga kelele nyuma. "Yule sura yake itajaza kioo!"

Walicheka. Kijana mmoja alitaka mtangazaji aongee Lumasaba, lugha ya huko. Mwingine alitaka ichezeke bila data. Mwingine alitaka uwanja wa Mbale uwemo, na nyasi ziwe nzuri kuliko zilivyo. Kila mmoja alitoa ahadi kwanza, kisha akaomba, na kila mmoja Conrad alimjibu itaweza. Hakuwa akidanganya. Nilimtazama usoni. Alikuwa ameangalia kwenye simu video nyingi za watu wanaobashiri mashine itakavyokuwa mpaka akaamini kila kitu, na kila kikao kiliongeza cha kuamini.

Nilinyoosha mkono. "Mmoja wenu ameishika?"

"Haijatoka, mama," Wangila alisema.

"Kwa hiyo mnajuaje?"

"Ah, mama Conrad! Usituletee mkosi. Umekuja na samaki, kaa na samaki wako."

Walicheka tena, na soda ikapigwa mnada.

Jikoni Annah alikuwa akiparua samaki kwa hasira. "Maama, ameuza mashine zote tatu," alisema. "Mtu wa Tororo anakuja kuzichukua. Anasema bibi harusi haingii nyumba yenye wake wa zamani."

"Nani kamfundisha upuuzi huo?"

"Wao. Kwenye kikao." Alifuta mikono. "Mimi sijali mashine. Lakini nimeishi na mwanao mwaka mzima bila kujua tutakula nini, kabla ya chumba hiki. Sirudi huko. Hii ikishindwa, nampeleka Juliet kwa dada yangu Nkoma. Nakuambia wewe kwanza ili usisikie kwa majirani."

Nilimkuta Conrad akikunja viti. Nilimwambia abakize mashine moja. Moja tu.

"Mama, nikibakiza moja watasema mwenyekiti mwenyewe haamini."

"Acha waseme. Mke wako anataka kuondoka."

"Haondoki. Subiri siku yenyewe uone."

"Conrad, mtengenezaji anatengeneza mashine yake. Hatengenezi maombi ya watu wa Malukhu."

Alinibusu shavuni kama mtu anayembembeleza mgonjwa. Nikarudi Jinja. Kijana mwenye nyumba na mtoto huwezi kumchapa.

Siku yenyewe nilikwenda, kwa sababu Annah aliniomba. Walikuwa wamefunga turubai. Kulikuwa na spika na mshereheshaji wa harusi halisi, Aloysius, ambaye alikubali kufanya bure kwa kuwa naye alikuwa ametoa ahadi. Watu walijaa mpaka barabarani, boda boda zikasimama kutazama. Ndani ya chumba televisheni tatu zilikuwa zimefutwa vumbi, na chini yake pale mashine zilipokaa miaka yote palikuwa na alama nyeupe kwenye meza.

Omollo alishuka kwenye lori lake, mtu mrefu wa Kisumu anayepeleka mizigo mpaka Soroti, akashangaa kuona umati.

"Kwani kuna msiba?" aliuliza.

"Harusi!" walimjibu.

Walimnyang'anya boksi, wakaliweka kwenye sinia, wakalifunika kwa kitambaa, na wasichana wawili wakalileta wakitembea polepole kwa muziki. Aloysius alimtania Conrad kama bwana harusi, akasema amekonda kwa kungoja. Conrad alifunua kitambaa. Alifungua boksi. Akainua mashine juu.

"Mbona kadogo?" mwanamke mmoja alisema.

Ilikuwa nzuri. Nisiwe mwongo, ilikuwa kitu kizuri kilichotengenezwa vizuri, cha kutosha mikono ya mtu mmoja. Nadhani aliyeinunua peke yake kwake angefurahi. Lakini pale walikuwepo watu wa mtaa mzima.

Conrad alitafuta waya wa kuiunganisha na televisheni. Kwenye boksi haukuwemo. Kumbe kitako cha kuiunganishia kinauzwa peke yake.

"Omollo, kitako kiko wapi?"

"Kitako gani? Mimi nimeambiwa niende dukani nichukue hiyo, na hiyo ndiyo nimechukua. Hakuna mtu alisema kitako."

"Sawa, tutazame kwa kioo chake," Wangila alisema, na watu wakasukumana mpaka meza ikalia.

Kisha gemu mpya. Haikuwa ndani. Ilibidi ivutwe kutoka kwenye intaneti, na ilikuwa nzito kuliko kila kitu ambacho simu ya Conrad iliwahi kuvuta. Walichanga data palepale. Aloysius alipiga nyimbo zote alizokuwa nazo, kisha akazirudia. Mstari wa kuhesabu kwenye kioo ulisogea kama konokono. Watu wa boda boda waliondoka kwanza, kisha akina mama, kisha muziki ukazimwa kwa sababu ulitia aibu.

Jua lilikuwa limeuacha mbali mlima Wanale, linaelekea kuzama, gemu ilipofunguka. Natasha alipewa aijaribu. Aliitafuta Cranes. Akaitafuta tena.

"Hawamo," alisema.

"Tafuta vizuri."

"Afande, najua kusoma. Hawamo. Timu za Ulaya ziko, Uganda hakuna." Alianzisha mechi kwa timu nyingine. Nyasi zilikuwa na ukungu, wachezaji walikwama wakikimbia wengi, na mtangazaji aliongea Kiingereza cha puani. "Ya zamani ilikuwa nyepesi zaidi," Natasha alisema, si kwa ubaya.

Kabla ya kipindi cha pili mashine ilionya kuhusu chaji. Kisha ikazima.

"Feki," mtu alisema.

Neno lile lilikwenda haraka kuliko intaneti. Wangila alimshika Omollo kola. "Umetuletea feki kutoka vichochoro vya River Road!"

"Niachilie, afande! Risiti hii hapa. Duka la maana, mjini kati. Hiyo ndiyo yenyewe. Hata mzungu akienda kununua anapewa hiyo hiyo."

"Haiwezekani. Tuliambiwa inakaa na chaji kutwa."

"Na nani?"

Wote waligeuka kumtazama Conrad. Nilidhani watampiga, nikasogea mbele. Hawakumpiga. Afadhali wangempiga, pengine kesho yake wangekuja kumwomba radhi wakacheza. Wangila aliachia kola, akavaa kofia yake.

"Bwana mwenyekiti," alisema taratibu, "ungesema tu hujui."

Wakaondoka mmoja mmoja. Hakuna aliyedai mchango wake, maana harusini mtu hadai. Viti vilirudishwa. Omollo alisema pole, akawasha lori. Conrad alibaki ameshika ile mashine iliyozima, na Annah alikuwa tayari ndani akikunja nguo za Juliet.

Hawakurudi. Chumba kilikaa wazi, televisheni tatu bila kitu cha kuziwasha, na wanafunzi wa Nkoma wakapata chumba kingine karibu na stendi. Mtu wa Tororo alipigiwa simu. Alikwisha kuzifungua mashine zile tatu akauza vipande. Annah alikuwa kwa dada yake na mtoto. Nilipanda kwenda Mbale, nikamkuta Conrad amekaa chumbani mlango umefungwa mchana. Mashine mpya ilikuwa kwenye boksi lake. Hakuwa ameigusa.

"Vaa viatu," nilisema. "Unakuja Jinja."

Nilimpeleka dukani kwangu Mpumudde. Nauza misumari, rangi, bawaba, saruji. Chumba cha nyuma nilikisafisha, nikaweka kitanda kikubwa na kingine kidogo cha Juliet. Nilimwambia Conrad waziwazi kwamba kazi ipo, chakula kipo, na mke wake akitaka kuja mlango uko wazi. Alisema asante mama.

Alifanya kazi. Alifika mapema, alifagia, alipima misumari bila kupunja. Tatizo lilikuwa akiulizwa. Mteja alishika kopo la rangi akauliza kama litastahimili mvua. Limeandikwa pembeni kwamba linastahimili. Conrad alisema hajui. Fundi Dauda, mteja wangu wa miaka mingi, alimwuliza kama bawaba zile zitabeba mlango wa mbao ngumu. Zinabeba, nami nilizifunga kwenye mlango wangu. Conrad alisema siwezi kukuhakikishia.

"Kijana, wewe unauza au unanihubiria?" Dauda alisema, akaenda duka la ng'ambo ya barabara.

Nilimgombeza. Alisikiliza, akainamisha kichwa, na kesho yake akajibu vilevile.

Annah alipiga simu asubuhi, duka likiwa tupu. Shule moja ya Nkoma ilimtaka jikoni, na Juliet angesoma hapo bila ada. Walitaka jibu siku hiyo hiyo.

"Maama, mpe Conrad simu."

Nilimpa, nikafungua sauti, kwa kuwa jambo lile lilinihusu na sikuona haja ya kujifanya sisikii.

"Conrad, nikikataa kazi nikaja Mpumudde, tutakaa?"

Aliitazama mizani. Nyuma yake mlango wa chumba ulikuwa wazi, vitanda vyote viwili vinaonekana, vimetandikwa.

"Sijui, Annah."

"Sikuulizi mwakani. Nauliza sasa. Unataka nije?"

"Nataka."

"Tutakaa?"

"Hilo siwezi kusema."

Nilimpiga bega. Nilimwonyesha chumba kwa kidole. Alitikisa kichwa. Kwenye simu Juliet aliuliza kama ni baba, na Annah akamwambia ngoja. Mtoto akangoja, naye Annah akangoja, nami nikangoja.

"Kale," Annah alisema mwishowe, kama mtu asemaye haya basi, kwa sauti ya chini, na simu ikakatika.

"Chumba kipo!" nilimfokea. "Kazi ipo! Hujui nini?"

"Mama, hata kule Malukhu nilijua," alisema.

Mteja aliingia kuuliza mabati. Conrad aliweka simu mezani, akainuka kumhudumia.

Wiki iliyofuata lori la saruji lilifika na mawingu yalikuwa mazito juu ya ziwa. Stoo ilikuwa imejaa. Nilimwambia Conrad ahamishie godoro lake barazani, akafanya hivyo bila kuuliza. Kitanda kidogo nilikipeleka kwa jirani mwenye mapacha. Kisha tukaipanga saruji kwenye kile chumba cha nyuma, mfuko juu ya mfuko, mpaka dirisha likazibwa.