Friza ya Mama Lupeolo

Kefu alikuwa fundi wa friji, na mikono yake haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa kwenye miguu: haikujua kutulia. Mtaani Kolomotuʻa, na mji mzima wa Nukuʻalofa, watu walikubaliana kwamba hakuna aliyemzidi kusikiliza kompresa ikikohoa na kutaja kinachoiuma. Walikubaliana pia kwamba ukimwita, uombe simu yake isiite kabla hajamaliza kazi yako.

Jumamosi ile alifika kwa Mama Lupeolo mapema. Mama huyu alikuwa mjane muuza samaki, na friza yake ilikuwa imesheheni mpaka mfuniko unagoma kukaa: nguruwe, kuku, pweza, samaki wa kila namna. Mwanawe Folau alikuwa anasafiri kwenda New Zealand kuchuma matufaha, na karamu ya kumuaga ilikuwa Jumatatu. Shangazi yake alikuwa anakuja na meli kutoka visiwa vya Haʻapai siku hiyohiyo, na kumkosesha shangazi sehemu yake nono ni kumtukana mbele ya ukoo.

"Inanguruma usiku kucha halafu haigandishi," Mama Lupeolo alisema.

"Ni feni tu, mama. Kazi ndogo."

Kefu aliichomoa feni, akaigeuzageuza, akaiona waya iliyoungua. Hapo simu ikaita. Alikuwa meneja wa hoteli moja ya ufukweni, chumba chake cha baridi kimezima na wageni wanasubiri chakula cha mchana.

"Nakuja sasa hivi," Kefu alisema, akasimama.

"Unakwenda wapi?" Mama Lupeolo aliuliza.

"Narudi, mama. Funika friza na mablanketi, usiifungue. Kabla hujamaliza kuosha vyombo nitakuwa hapa."

Akaondoka na feni ndani ya begi.

Hotelini alifungua mitambo, na kabla hajaifunga mwoka mikate akapiga simu. Akamwacha meneja na ahadi, akaenda kwa mwoka mikate. Akiwa amelala chini ya friji yake, akapigiwa na mwenye duka wa mtaa wa Maʻufanga, na Kefu akamwambia anakuja sasa hivi. Jasho lilimtiririka machoni. Kila alipoinamia kazi moja, akili ilikuwa imeshafika kwenye nyingine; aliikaza skrubu huku akijiuliza bisibisi nyingine ameiacha kwa nani. Mama Lupeolo alipopiga alimjibu, "Niko njiani, mama," huku mgongo wake ungali sakafuni kwa mwoka mikate. Alipopiga tena Kefu aliliangalia jina kwenye kioo mpaka mlio ukakatika. Kisha akaizima simu.

Jua lilipozama alikuwa hajamaliza kazi hata moja. Nyumbani alimkuta mkewe Melenaite akinyoosha nguo za kanisani.

"Mama Lupeolo amekuja hapa, tena kwa miguu," Melenaite alisema. "Amekaa pale barazani muda mrefu. Nikamwambia sijui ulipo, na kweli sikujua."

"Barafu itashika mpaka Jumatatu."

"Wewe unaamini hilo?"

Kefu alikula wima, akatoka uani, akarudi, akatoka tena. Bado palikuwa na saa chache kabla ya Jumapili kuingia, siku ambayo hakuna anayeshika spana. Angeweza kwenda. Lakini kwenda kulikuwa na maana ya kusimama mbele ya yule mama na kumtazama usoni, na hilo lilimshinda. Akalala na nguo.

Asubuhi kengele zilipogonga, moshi wa majiko ya ardhini ulikuwa umetanda mtaa mzima kama kila Jumapili. Ila kwa Mama Lupeolo ulipanda mzito, kutoka mashimo mengi, kama nyumba yenye harusi. Kefu alipouona, alijua nyama yote ya friza inapikwa isije ikaoza. Kanisani, mkeka wa heshima aliofunga kiunoni ulimwasha, kola ilimkaba, na goti lilichezacheza mpaka Melenaite akalishika. Mama Lupeolo alikuwa kwenye kwaya, safu ya mbele. Aliimba vilevile anavyoimba siku zote na hakumtupia jicho hata mara moja. Kefu angefurahi zaidi kama angemkodolea macho.

Ibada ilipokwisha alimfuata mpaka nyumbani kwake. Uani, majirani walikuwa wanapakua. Folau, aliyekuwa anafukua shimo, alimwona fundi na kugeuza uso.

"Mama," Kefu alianza, "nimekuja kukuomba radhi."

"Kaa ule kwanza. Chakula kipo, unaona mwenyewe. Karamu ya mwanangu ndiyo hii, inaliwa leo na majirani."

"Na shangazi?"

"Shangazi akishuka kesho atakuta mihogo na chai."

"Feni iliungua waya, mama, na hotelini nako kulikuwa na…"

"Sikukuuliza habari za hoteli." Hakupandisha sauti. "Friza kuharibika si kosa lako. Jana mchana dada yangu alikuwa na nafasi kwenye friza yake, na lori la shemeji lilikuwa hapo nje limekaa bure. Ungeniambia, mama, leo siwezi, ningehamisha kila kitu. Wewe ukaniambia uko njiani. Nikakaa barazani nakungoja kama mchumba."

Jirani mmoja alicheka, kisha akarudi kupakua. Kefu aliishika tu sahani aliyopewa.

Jumapili iliyobaki ilimtesa. Kurekebisha hakuruhusiwi, na kulala hakuwezekani. Alizunguka nyumba mpaka Melenaite akamwambia atawatisha kuku.

"Nikuambie kitu, utakasirika?"

"Sema."

"Unajiona mchapakazi. Wewe ni mwoga. Unaogopa kumwambia mtu hapana, kwa hiyo unamwambia ndiyo na kumkimbia." Akanyoosha mkono. "Nipe simu. Kuanzia kesho napokea mimi."

"Wateja watanikimbia."

"Jana walikuwa wanakukimbilia, na imekusaidia nini?"

Jumatatu palipopambazuka Kefu alikamata nguruwe wake mnene kuliko wote, akamfunga nyuma ya gari, akaendesha mpaka kwa yule mjane. Mama Lupeolo alimtazama nguruwe, akamtazama Kefu.

"Huyu ni wa nani?"

"Wa shangazi, mama. Folau atanisaidia kumchinja. Lakini kwanza friza."

"Ukiiacha friza yangu leo, ondoka na nguruwe wako."

Hakuiacha. Aliunga waya, akafunga feni, akaiwasha, kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: akakaa chini kusubiri aone kama inagandisha. Kule kukaa kulimuuma kuliko kazi. Vidole vilipapasa mfuko usio na simu. Aliwaza hoteli, aliwaza mwoka mikate, akainuka nusu, akaketi tena. Umande wa baridi ulipoanza kujenga weupe kwenye kuta za friza, Mama Lupeolo aliingiza mkono, akautoa, akaenda kuchemsha chai. Kikombe cha Kefu alikiweka juu ya meza.

Jioni shangazi alipewa sehemu yake. Kefu hakualikwa, naye hakutarajia.

Hoteli ilitafuta fundi mwingine wiki ileile. Mwenye duka wa Maʻufanga alimtukana Melenaite kwenye simu. Melenaite akamwacha amalize, kisha akamwambia fundi atafika Jumatano na si kabla. Fundi alifika Jumatano. Mtu yule hakushukuru, ila mwezi uliofuata alipiga tena.

Kefu hakugeuka mtu mtulivu. Simu ikilia mkononi mwa mkewe, bado anainua kichwa kama mbwa aliyesikia geti. Lakini anafunga kazi moja kabla ya kufungua nyingine. Siku moja mpira wa mlango wa friji ulichelewa bandarini, na Melenaite akasimama mbele yake, simu ameinyoosha.

"Hii ni ya kwako. Mpigie mwenyewe, kabla hajaanza kukungoja."

Alipiga. Mteja alikuwa mzee wa mtaa wa Tofoa.

"Mzee, ni Kefu. Nilikuahidi kesho. Kesho siwezi, kifaa hakijatoka bandarini. Ni Ijumaa."

Mzee aliguna.

"Yaani umenipigia kuniambia huji?"

"Ndiyo, mzee."

"Haya. Basi kesho nakwenda shambani," mzee alisema, akakata.

Kefu aliirudisha simu, akachukua spana, akainamia friji iliyokuwa mbele yake.