Jibu la Kazadi kwa Chef Tshimanga

Minye ni mwalimu wa Kifaransa hapa Kikula, mwaka wa kumi na moja sasa, na karatasi hainitishe. Siku Kazadi, bwana yangu, alileta ile demande d'explication, barua ya kujieleza, nyumbani, nilimwambia akae, nikavaa miwani.

Kwetu chef, mukubwa wa kazi, akikushuku hakuite mukaongea. Anakuandikia: jieleze kwa maandishi, ndani ya saa makumi ine na nane, na jibu lako linaingia mu dossier, faili yako ya kazi. Bantu bengi banafukuzwa kazi si kwa kosa, ni kwa jibu. Muntu anaogopa, anaanza na "naomba pardon", heshima tu, kumbe chef anaisoma kama ameungama.

Kazadi ni mulinzi wa depo ya vifaa vya umeme ya kampuni moja, na ile kazi ndiyo inatulisha. Barua ilimuuliza kitu kimoja: kwa nini Jumanne, saa nane mpaka saa kumi, hakuwa mahali pake pa kazi. Chini kulikuwa saini ya Chef Tshimanga.

Niliisoma vile nafundisha banafunzi. Nani anaandika? Tshimanga. Anamuandikia nani? Jina ni la Kazadi, lakini kopi inaenda kwa direkta, basi musomaji wa kweli ni direkta. Lengo lake? Si kujua, ni kupata karatasi ya kumufukuzia. Toni? Adabu mingi, na adabu ya chef minye siiamini hata kidogo. Ushahidi? Hapo nilicheka kwa hasira. "Kulingana na habari tulizopata." Habari za nani? Hakuna jina, hakuna shahidi.

Lakini jina minye nilikuwa nalo. Ku depo kuko balinzi babili tu, Kazadi na Séraphin, jirani yetu, tunasali naye kanisa moja. Nilimuuliza Kazadi kama ni Séraphin alimuuza kwa chef. Aliinamisha kichwa, akasema hajue, pengine. Ile pengine ilinitosha.

Nilimwachia kalamu aandike jibu la kwanza, asiombe pardon hata mara moja, nitalisahihisha. Minye nikashuka ku bomba. Julie, muke wa Séraphin, alikuwa anajaza maji mu bidon. Nilimusema mbele ya bamama bote: bwana yake anapokea Sainte Cène, meza ya Bwana, pamoja na sisi, halafu anatuuza kwa chef. Sikupunguza neno. Julie hakujibu. Alifunga bidon yake, akaniangalia kwa huruma, na ile huruma iliniudhi kuliko tusi. Nikajisemea, mwenye hatia hana la kusema.

Niliporudi, jibu lilikuwa tayari, mistari sita, bila pardon. Alisema tumbo lilimuuma, akaenda ku infirmerie, zahanati ya kampuni. Nilisahihisha nukta hapa na pale mpaka nikafika mustari wa mwisho: "Na kuhusu ile câble ya shaba, minye sikuigusa."

Nilirudia barua ya chef, polepole, kidole juu ya karatasi. Siku ilikuwamo, saa ilikuwamo, mahali palikuwamo. Câble, ule waya wa umeme, haikuwamo. Kila mwaka naambia banafunzi: mukiona muntu anajibu swali ambalo hakuulizwa, simameni hapo, hapo ndipo anaogopa.

"Baba Exaucé," nilimuita kwa jina la mutoto wetu, "câble gani?"

Alifunika ule mustari na kidole. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Ondoa ule mustari tu. Yote mingine iko sawa."

Nilimuuliza Kazadi, basi Séraphin alimwambia chef nini? Hapo Kazadi alianza kulia, akakubali kwamba câble aliichukua yeye. Séraphin hakumwambia kitu. Chef alimuita mara mbili, na mara mbili alijibu kwamba Kazadi alienda ku infirmerie. Ile habari ya tumbo, Séraphin ndiye aliitunga ili kumuokoa. Na asubuhi hii naye alipewa demande d'explication yake: kwa nini aliongopea chef. Julie alijua yote tangu Jumanne.

Kazadi alinisukumia kalamu. Aliniomba nimuonee huruma, tuko na batoto bane, na minye ndiye najua kupanga maneno. Ni kweli, ningeweza. Kufuta mustari mumoja tu, na barua ingekuwa safi, Tshimanga asingepata pa kuishika, na siku câble ikitafutwa, mzigo wote ungebaki kwa Séraphin, mulinzi mwenzake. Nilishika ile kalamu muda murefu, nikimuchukia, nikimuhurumia. Halafu nikaiweka mbele yake.

"Andika tena, weye mwenyewe," nilimwambia. "Anza na câble."

Nilitoka kwenda kumutafuta Julie. Alikuwa amerudi ku bomba na bidon ya pili, na bamama bale bale bado walikuwa pale. Nilipiga magoti mu matope, mbele yao, na neno langu la kwanza kwa Julie likawa pardon.