Kidari cha Jogoo wa Bandani

...na kisu kimefika kwenye kidari kikasita, kwa sababu kidole cha Saumu kimeshajua, kinazama kwenye nyama ya jogoo wa bandani kama kwenye unga uliokandwa, na yule mwingine, wake Saumu, aliyelala jikoni kwa mama na kushinda akichakura migombani, mfupa wa kifua umemsimama, mapaja anayo, ndiyo, mapaja ya mpanda milima, lakini Amiri, mdogo wake, hakusema mapaja, alisema ipimwe nyama yote, bila mifupa, "Wako akizidi jiko la mama linabaki, dada, wangu akizidi nalibomoa, najenga banda la pili," naye akakubali mbele ya watu, chotara ni wale wale, wa mayai na nyama, walitotolewa pamoja, atashindwaje... "Wifi, hicho kisu unakisomea dua?" ni Rahma, mke wa Amiri, huko nje, mizani imeshaning'inia mparachichini, "wenzio tuna njaa!"... "Nakuja," anasema, haendi, kuku wa bandani pumba na mashudu na dagaa kila siku, nani asingenona, hata yeye angenona, lakini jiko hili, mama alilala humu na kuku, na moshi, vifaranga chini ya kitanda cha kamba, alivyowapenda... hapana, sema sawasawa, Saumu, wewe ndiye unayeulizwa nani alizaliwa mwaka wa njaa gani, usianze uongo leo, mama hakupenda wakae humu, kila alfajiri alifagia kinyesi akiguna, "Mngekuwa na manyoya ya kondoo ningewatupa nje," ni baridi iliyowaingiza, ukungu wa Magamba ukishuka kutoka msituni vifaranga asubuhi huwakuti wazima, mama alijua, na Amiri akaenda kuiga banda la Mombo, bondeni kwenye joto, waya pande zote, akaja kulijenga huku juu vile vile, upepo ukapita humo kama uko sokoni, kuku wakala na kutetemeka, chakula chote kikaishia kwenye kutetemeka, wiki za mwanzo walikuwa vijiti, vijiti vitupu, mpaka... na nani aliyekuwa akitoka baada ya magharibi na viroba, akivifunga kwenye waya wa banda upande wa msituni, akavifungua alfajiri ili mdogo wake asione anafundishwa, hakuna aliyemtuma, hakukumbuka hata mashindano, aliwasikia tu wanatetemeka, mkono ukaenda wenyewe, kama alivyozoea kumwona mama akiziba mianya ya ukuta kwa matambara... basi nyama hii, hii inayozamisha kidole... "Dada, umeogopa?" Amiri anacheka, "niite mafundi?"... "Subiri," anasema, maji ya kunyonyolea bado yanafuka mvuke, kisu bado kiko juu ya kidari, majogoo wawili wamelala mbele yake kwenye sinia, na Saumu hajui tena amwite yupi jogoo wa mama.