Nane Iliyofumuliwa

Hapa mjini Asunción hakuna anayetaka namba mia na nane. Ukipita mtaani utaona nyumba ya mia na sita, halafu mia na kumi, na katikati ipo nyumba ambayo mwenyewe amejiandikia anachojua yeye. Ilianza enzi za udikteta wa Jenerali, polisi walipowazoa wanaume mia na nane wakisema ni mashoga, na tangu hapo namba imekuwa tusi. Watoto wanalitupiana shuleni kabla hawajajua kuzidisha.

Wazo la kuivaa lilikuwa la Zunilda. Zunilda anauza vipodozi sokoni, ana sauti ya kumwita mteja aliye upande wa pili wa barabara, na ndiye aliyekuwa akikiongoza kikundi chetu cha kutetea haki za watu wanaotukanwa hivyo. Alisema siku ya maandamano tutavaa jezi za mpira, na mgongoni kila mtu awe na moja, sifuri, nane, tuone kama tusi litabaki na makali. Kushona ikawa kazi yangu, maana riziki yangu ni hiyo: nakata namba za kitambaa na kuzishonea timu za mitaani. Jezi za wengine nilizipitisha kwenye cherehani. Ya Zunilda niliishona kwa mkono, polepole, kwa sababu nilimpenda, mwanamke kwa mwanamke, na miaka yote tuliyokuwa pamoja nilikuwa naingia kwake kwa mlango wa nyuma.

Mimi si shujaa. Kwenye mikutano nilikaa pembeni na sindano yangu, na kamera ikitokea nilikumbuka ghafla kwamba maji baridi ya kinywaji chetu cha tereré yamekwisha. Zunilda ndiye aliyenisukuma.

"Nimia, mwambie mama yako mwenyewe, asije akakuona kwenye televisheni," aliniambia. "Tutatoka wote wawili. Nitakushika mkono watu wote wakituona, na mwenye kupasuka apasuke."

Basi asubuhi ya siku yenyewe, mama akikanda unga wa chipa, vile vimkate vyetu vya jibini, nikamwambia. Hakupiga kelele. Aliuliza kama ni yule wa vipodozi, nikajibu ndiye. Akakanda weee, mwishowe akasema, "Angalau ana mdomo. Hatakuacha uongee peke yako."

Tulipokusanyika tulikuwa wachache kuliko polisi. Don Eladio alishafika, mzee aliyekamatwa wakati ule akiwa kijana, akanyolewa kipara na kutembezwa barabarani. Jezi ilimpwaya. Alinigeuzia mgongo akauliza kama imemkaa vizuri au anafanana na golikipa mstaafu. Nilicheka, hofu ikapungua kidogo.

Zunilda alikuja amechelewa, amevaa koti, na jua linachoma. Nikamwambia avue, akasema baadaye. Watu wa televisheni walipoanza kutusogelea, Don Eladio akalivuta koti lile kwa utani, akisema nahodha hafichi jezi. Likaanguka.

Mgongoni mlikuwa na moja na sifuri. Kumi, jezi ya shabiki yeyote wa mpira. Nilisogea nikatazama. Nane ilikuwa imefumuliwa, wala si kwa pupa. Uzi ulikatwa mmoja mmoja, na matundu ya sindano yangu yalikuwa bado yanaichora pale ilipokuwa. Hilo ndilo lililoniuma. Alikaa kitako, akafumua, akapata muda wa kufikiri, akaendelea kufumua.

"Chama kimenipa nafasi ya kugombea udiwani," akaninong'oneza. "Wanasema namba ile itanizika. Nikishapita nitawasaidia ninyi wote. Nielewe, mpenzi."

Ninyi. Jana yake tulikuwa sisi.

Mwandishi akafika na kipaza sauti, akamuuliza kama ndiye kiongozi. Zunilda akatoa tabasamu lake la sokoni, akasema anapita tu, ila anaheshimu haki za kila mtu. Kumbe nilikuwa nimemshika mkono bila kujijua. Mwandishi akaiona ile mikono, akauliza mimi ni nani kwake.

"Huyu?" akasema Zunilda, akiuchomoa mkono wake. "Huyu ni fundi wangu wa nguo."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini mama alishaambiwa, na sikuwa na pa kurudi. Nikaigeuzia kamera mgongo, nikasimama hivyo mpaka nikawa na hakika namba imesomeka yote. Don Eladio akanishika mkono, tukaondoka na maandamano. Watu walituzomea kwa lile tusi, nasi tumeshalivaa. Nililia njia nzima bila kuficha uso.

Nyumbani nilikuta mama ameizima televisheni. Aliniwekea chipa mezani, na habari za yule mwenye mdomo hakuniuliza.

Jioni Zunilda akaja, kwa mlango wa nyuma. Mkononi alikuwa na jezi imekunjwa, na juu yake ile nane, ameipiga pasi. Alisema uchaguzi ukiisha ataivaa, niirudishie tu, hakuna atakayejua kwamba iliwahi kutoka. Alikuwa analia, na machozi yake nayajua, yalikuwa ya kweli. Nilikuwa bado nampenda, na hilo lilinitia hasira kuliko yote. Nikaichukua nane, nikaitazama kwenye mwanga, nikairudisha juu ya jezi.

"Wateja wanapitia mlango wa mbele, dada," nikamwambia. "Na fundi wako amefunga."